"Kafanana na baba yake": ya barazani na ya sheriani

Pale Ngamiani, Tanga, mtoto akizaliwa, mawifi humkagua kabla kitovu hakijakauka: pua ya nani, masikio ya nani. Hukumu yao haina rufaa. Ila Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, inapotaja ushahidi wa kumthibitisha mzazi, haikutaja pua. Imetaja jina kwenye rejesta ya vizazi, mila aliyoitimiza baba kwa ajili ya mtoto, kumkiri hadharani, majibu ya vipimo vya DNA, na hata kukataa kupimwa.

Hilo la mwisho huwashtua vijana. "Nikigoma kupima watanifanya nini?" Hakimu anaweza kuuhesabu mgomo wako wenyewe kuwa ushahidi. Na wewe uliyechinja mbuzi wa akika ukaalika mtaa mzima, leo unasema mtoto humjui? Pilau ile ina mashahidi.

"Sikumuoa, hanidai kitu." Anakudai. Mama, mlezi, afisa ustawi wa jamii au mtoto mwenyewe anaweza kuiomba mahakama itamke baba ni nani, hata mtoto akiwa bado tumboni. Baba akifariki, ombi hupelekwa ndani ya miaka 3. Ubaba ukithibitika, matunzo yanadaiwa. (Mirathi ya Kiislamu ina hesabu zake, tusiichanganye hapa.)

Wazee nao husema kitanda hakizai haramu, na Sheria ya Ushahidi iko karibu nao kuliko watu wanavyodhani. Mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa halali, au ndani ya siku 280 tangu ivunjike na mama hajaolewa tena, ni wa mume huyo, isipokuwa ithibitike kuwa wawili hao hawakukutana kabisa wakati mimba ilipoweza kutungwa. Baharia aliyekuwa safarini mwaka mzima ana la kueleza. Mwenye wivu na maneno ya jirani, hana.

Cheti cha kuzaliwa? Kwa wasiooana, jina la baba huandikwa wakiomba wote wawili, mama na anayekiri kuwa baba. Mama peke yake hawezi kumbandika mtu jina.

Na DNA si malaria, useme unaingia tu maabara. Kwa Mkemia Mkuu wa Serikali ombi hufika kupitia mamlaka kama mahakama au ustawi wa jamii. Wifi mwenye nywele za mtoto kwenye bahasha atarudishwa nazo.