Jino Lililoacha Kuuma Halijapona

"Daktari, hilo jino lilipona zamani. Wewe niangalizie huu uvimbe tu."

Nimeambiwa hivyo mara tatu mwezi huu, hapa Nakuru. Wa mwisho alikuwa mzee mmoja mkulima wa viazi kutoka Molo, shavu la kushoto limejaa hadi jicho linafumba. Mwezi wa nne, wakati wa kupanda, gego lake la juu lilimnyima usingizi siku nne mfululizo. Akanunua kapsuli za rangi mbili kwa kemisti, akatafuna karafuu, na siku ya tano maumivu yakakatika yenyewe. Akamshukuru Mungu, akarudi shambani.

Nilipulizia kipamba dawa ya baridi, nikaanza kugusa meno yake moja moja. La kwanza, akaruka kitini. La pili, akaruka. Nilipofika kwenye gego lenyewe alitulia tuli, akanitazama kwa ushindi: "Si unaona? Hilo ndilo zima."

Mzee wangu, hilo ndilo lililokufa.

Hakuna dhana inayonichosha kama hii, kwa sababu inawarudisha watu nyumbani wakati ule ule wanaopaswa kuja mbio. Ndani ya jino mna chumba kidogo chenye nyama laini, damu na neva. Uozo ukiifikia nyama hiyo, inavimba. Kidole kikivimba, ngozi hutanuka. Ndani ya jino hakuna pa kutanukia, kuta ni ngumu pande zote. Shinikizo linapanda, damu inashindwa kupita kwenye kitundu chembamba kilichoko nchani mwa mzizi, na neva inakufa. Ikishakufa, haiumi tena. Mbwa aliyekuwa akibweka amekufa, mwizi bado yumo ndani.

Bakteria wanaendelea kula ile nyama iliyooza, wanafuata mifereji ya mizizi hadi nchani, wanaanza kuumaliza mfupa wa taya kimyakimya. Miezi inaweza kupita, hata miaka. Wengine huota kipele kwenye ufizi kinachokuja na kuondoka, wanakitumbua kwa sindano na kutema maji yenye chumvi, wakiamini ni joto la mwili. Hicho kipele ni mlango wa usaha.

Na zile kapsuli? Dawa ya kumeza husafiri kwa damu, na jino lililokufa halina damu. Inachoweza kupunguza ni maambukizi yaliyotoka nje ya mzizi, basi uvimbe unanywea na mtu anahesabu amepona. Dozi ikiisha, kiwanda kile kile kinaanza kazi upya. Yule mzee nilimwandikia antibayotiki, ndiyo, kwa sababu alikuwa na homa na uvimbe ulikuwa ukisambaa. Lakini hata hapo jino lazima lifunguliwe au ling'olewe. Mtu akiniambia amemeza amoksilini mara tatu mwaka huu kwa jino lile lile, napandwa na hasira, wala si kwa mgonjwa. Ni kwa aliyemuuzia bila hata kumwambia afungue mdomo.

Kabla ya ukimya huo huwa kuna dalili. Baridi ikikuchoma halafu ikaacha ndani ya sekunde chache, huenda kuziba jino kukatosha. Maumivu yakibaki dakika nzima baada ya kumeza maji, au yakikuamsha usiku, neva iko mashakani. Na ukiingia kwangu umeshika chupa ya maji baridi, unapiga funda kila baada ya dakika mbili ili jino litulie, najua neva inakata roho. Usingoje linyamaze. Uvimbe nao ukishuka chini ya taya, ulimi ukainuka, kumeza au kupumua kukawa taabu, nenda hospitali usiku uo huo, huo unaua.

Mzee nilimpiga ganzi, nikalizungushia jino kitambaa cha mpira, nikatoboa. Usaha ulipanda kwenye tundu wenyewe, harufu ikajaa chumba, naye akashusha pumzi ndefu. Gego la juu huwa na mizizi mitatu lakini mifereji mara nyingi ni minne, na huo wa nne hujificha. Usiposafishwa, kazi yote ni bure. Tunakwangua kwa vifaili vyembamba kama sindano, tunaosha kwa klorini ya jamii ile ile ya kung'arishia nguo. Wiki mbili baadaye nikajaza mifereji hiyo kwa gatapacha, utomvu mkavu wa mti wa Kusini-Mashariki mwa Asia.

Eti matibabu ya mzizi yanauma kuliko jino lenyewe? Ganzi ikishika, unachosikia ni mtikisiko na maji. Magego ya chini yenye neva iliyovimba hukaidi ganzi, hilo nakubali. Inua mkono, uongezwe sindano.

Eti ukigusa jino la juu utapofuka? Neva ya meno na neva ya kuonea ni mbili tofauti kabisa.

Eti jino lililotibiwa mzizi huleta magonjwa mwilini? Ujumbe huo wa WhatsApp una miaka mia moja. Ulienezwa na Weston Price, daktari wa meno wa Marekani, na majaribio yake yalishindwa kurudiwa na wengine waliofanya kwa uangalifu zaidi.

Eti meno ya kahawia ya watu wa Nakuru yameoza? Wananijia vijana wakitaka yote yang'olewe. Ni floridi, madini yaliyomo kwenye maji: visima virefu vya Bonde la Ufa hupita kwenye miamba ya volkano, na maji mengi huzidi miligramu 1.5 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani. Doa liliingia utotoni, jino likiwa bado linaundwa. Ndani, neva mara nyingi iko hai na salama.

Iliyobaki ni kofia, kifuniko kigumu cha kuvisha jino lililotibiwa. Watu hudhani ni urembo, au njia ya daktari kuongeza bili. Gego lililotobolewa kati hubaki na kuta nyembamba. Siku moja mfupa wa nyama au punje ya mahindi ya kuchoma itazipasua, na ufa ukishashuka chini ya ufizi, nitaling'oa tu. Nilimweleza mzee hivyo, nikamwonyesha kwenye eksirei. Nimempigia simu mara mbili. Anasema jino halimuumi kabisa, atakuja akishauza viazi.