Kisamvu cha korosho, ugali wa muhogo na vibua: tui liingie mwisho

Chakula cha usiku leo ni kisamvu cha korosho na tui, ugali wa muhogo na vibua vya kukaanga, cha kutosha watu sita. Mtwara na Lindi vitu hivi vipo shambani, sokoni au kwa jirani. Kinachowashinda wengi ni saa. Ukitaka kula saa mbili, kisamvu kiwe kimeshatwangwa saa kumi na moja jioni. Kisamvu kichungu, kisamvu kinachokwaruza koo, kisamvu kinachoelea mafuta: mara nyingi kuna kitu kilichoingia sufuriani kabla ya zamu yake.

Chuma majani ya juu ya muhogo, yaliyokwisha kukunjuka lakini bado laini. Kilo moja inatosha. Ondoa vikonyo vyote, kwa sababu havitwangiki, vinabaki nyuzi. Kama unatumia kisamvu cha mpira, ule mti wa uani, ongeza nusu saa ya kuchemsha, maana majani yake ni magumu.

Twanga na kijiko cha chai cha chumvi na punje nne za kitunguu saumu. Chumvi inasaidia majani yasiteleze kinuni. Endelea mpaka usione kipande kinachozidi punje ya mchele, kisha acha kitulie robo saa. Watu wengi hudhani kutwanga ni kwa ajili ya ulaini tu. Jani la muhogo lina linamarini, kemikali iliyofungia sumu ya sianidi, na humohumo lina kimeng'enya cha kuivunja, ila vimekaa mbalimbali. Mchi ndio unaovikutanisha, na hapo ndipo sianidi inapotoka. Sianidi hiyo huchemka kwenye nyuzijoto 26 hivi, kwa hiyo moto unaiondoa kwa urahisi, mradi sufuria iwe wazi. Ukifunika, mvuke unagonga kifuniko na kurudi chini. Majani yaliyokatwakatwa kwa kisu hayavunjiki vya kutosha, hata uyachemshe muda mrefu. Cha mashine hakina ubaya, ila muulize muuzaji kimesagwa lini. Kilichokaa tangu asubuhi kwenye joto huwa kimeanza kuchacha.

Bandika na vikombe sita vya maji, moto mkali, bila kifuniko kwa dakika 20. Wakati wa kiangazi, shamba likiwa na kiu, majani huwa na sumu nyingi zaidi na uchungu unazidi. Kipindi hicho mwaga maji ya kwanza baada ya dakika 15, weka mengine ya moto. Utapoteza vitamini kidogo, na mimi naona ni bei ya haki. Kisha punguza moto uendelee dakika 40 mpaka maji yakaribie kukauka. Chukua kidogo, sugua kati ya vidole viwili: kikisagika bila kukwaruza, kimeiva. Kabla ya hapo usitie nyanya wala ndimu. Uchachu hukaza majani, na utakaa jikoni mpaka saa nne ukishangaa.

Sasa korosho. Tumia gramu 200 za korosho mbichi zilizobanguliwa. Nunua vipande, ni rahisi kuliko nzima na sufuriani hakuna atakayejua. Zilizokaangwa zina ladha nzito inayofunika majani. Hizo kula na chai. Twanga mpaka zianze kutoa mafuta, halafu zikoroge kwenye bakuli na kikombe kimoja cha tui jepesi ndipo umimine. Ukizitia kavu zitafanya madonge, na donge la korosho halivunjiki tena. Moto mdogo, dakika 15, mwiko ukikwangua chini muda wote kwa sababu korosho hushika haraka. Wanaotumia karanga mbichi wazipe dakika 25, la sivyo harufu ya ubichi inabaki. Karanga zilizosinyaa au zenye ukungu tupa, maana sumukuvu haiondoki kwa kupika.

Nazi mbili. Tikisa usikie maji. Isiyo na maji iache hukohuko sokoni. Zikune kwenye mbuzi na usimame kabla ya kufika kwenye ganda la kahawia, ambalo huchafua rangi ya tui. Kamua kwanza na kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu, uliweke pembeni tui hilo zito. Kamua tena mara mbili na vikombe vitatu kwa jumla: hilo ndilo tui jepesi. Kikombe kimoja kimeshakwenda kwenye korosho, vilivyobaki vinaingia baada yake na kuchemka dakika 10.

Tui zito ni la mwisho kabisa. Moto uwe mdogo, usifunike, koroga mpaka mapovu ya kwanza yatokee pembeni, hesabu dakika tano, epua. Kinachoyashika mafuta ya nazi ndani ya maji ni protini, nayo ikichemka kwa nguvu hugandana na kuyaachia. Hapo tui limekatika. Kwenye mchuzi wa samaki kuna wanaopenda mafuta yaelee. Kwenye kisamvu ni hasara tupu. Likikukatikia, epua, koroga kijiko cha korosho zilizotwangwa na maji baridi kidogo, tia. Litarudi kiasi, si lote. Kisamvu kilichofika ni kile ambacho ukipitisha mwiko katikati, unaacha njia inayojifunga polepole.

Ugali uanze tui likiwa limeshaingia, kwa sababu wa muhogo ukipoa unakuwa mpira. Onja unga kwanza: ukiwa mchungu, usiupike, makopa, yaani muhogo mkavu uliosagwa, hayakuandaliwa vizuri na kuupika hakutaurekebisha. Chemsha lita moja ya maji, toa kikombe pembeni, punguza moto, mimina vikombe vitatu vya unga kwa mkupuo na usonge haraka. Hauhitaji uji kama wa mahindi. Ongeza unga au yale maji kidogokidogo mpaka uvutike na rangi ibadilike kutoka weupe wa chokaa kuwa ya kung'aa. Dakika tano tu. Kwa wasiouzoea, changanya nusu kwa nusu na sembe, lakini hapo anza na uji wa sembe.

Vibua viwe vya leo, mashavu mekundu. Vilivyoshinda juani vinaweza kumwashia mlaji mwili mzima, na kukaanga hakuondoi hilo. Pasua ubavuni mara mbili, chumvi, ndimu, dakika 10, kisha futa vikauke. Mafuta yawe ya moto sana, na usigeuze samaki mpaka aachie mwenyewe.

Ukitaka kisamvu cha kesho, toa sehemu yake kabla ya korosho na tui. Kiporo chenye tui hakivuki usiku wa joto la huku bila friji. Kile kisicho na tui kichemshe tena kabla ya kulala, na kesho utie korosho na ukamue nazi nyingine.