"Mbunge wa jimbo" wa Marekani ni nani hasa?

Ukisikia redioni kwamba "mbunge wa jimbo la Texas" amepeleka muswada, na wewe umekulia Tanzania, akili inakimbilia kwa mheshimiwa wa kwenu, yule anayekwenda Dodoma. Hapo ndipo neno linapotuponza. Jimbo letu ni eneo la uchaguzi (Wakenya wamejinusuru na mkanganyiko huu, wao husema eneo bunge). Jimbo la Wamarekani ni kama nchi ndani ya nchi: lina katiba yake, gavana wake, mahakama zake na bunge lake. Yapo 50. Mbunge wa jimbo ni yule anayeketi katika bunge mojawapo kati ya hayo, na kazi yake haimpeleki Washington, kwenye bunge la taifa zima. Wa Texas hukutana Austin, wa Illinois Springfield, wa California Sacramento.

Mzanzibari ataelewa upesi kuliko sisi wengine. Kwao jimbo moja hutoa watu wawili: mbunge wa kwenda Dodoma, na mwakilishi wa kuketi Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi lililoanza 1980, kutunga sheria za mambo yasiyo ya Muungano. Mbunge wa jimbo wa Marekani ni ndugu wa huyo mwakilishi. Kumfananisha na MCA, mjumbe wa bunge la kaunti kule Kenya, hakutoshi, kwa sababu kaunti haitungi sheria ya mauaji. Jimbo la Marekani linatunga.

Tena linatunga mengi. Marekebisho ya 10 ya Katiba ya Marekani, yaliyoridhiwa 1791, yanasema mamlaka ambayo serikali kuu haikupewa yanabaki kwa majimbo au kwa wananchi. Kwa hiyo leseni ya udereva, ndoa na talaka, fedha za shule, sehemu kubwa ya makosa ya jinai, hata namna ya kuendesha uchaguzi, yote hayo hupitia mikononi mwa watu hawa. Ndiyo maana Texas bado inawaua wahukumiwa kwa sindano ya sumu, ilhali Illinois ilifuta adhabu ya kifo 2011. Na katika majimbo mengi ni wao pia wanaochora upya mipaka ya maeneo ya uchaguzi kila baada ya sensa, yakiwemo maeneo yao wenyewe. Fisi kukabidhiwa bucha, wengi husema, na si uongo.

Kwa kawaida bunge la jimbo lina mabaraza mawili, seneti na la wawakilishi. Nebraska peke yake, tangu 1937, ina baraza moja.

Sasa mshahara, maana hapa wasomaji wa kwetu huwa hawaamini. New Hampshire ina wawakilishi 400, na kila mmoja hulipwa dola 200. Si kwa siku wala kwa mwezi: ni kwa muhula mzima wa miaka miwili. Texas hulipa dola 7,200 kwa mwaka, pamoja na posho ya siku za vikao, na bunge lake hukutana kwa kawaida mara moja tu kila miaka miwili, kwa siku zisizozidi 140. California hulipa zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka, na huko ubunge ni ajira kamili. Kwingine mbunge ana kazi nyingine inayomlisha: wakili, mkulima, mwalimu, mwenye duka, au mstaafu. Anayefanya kazi ya zamu kiwandani hawezi kumwambia msimamizi kwamba anaondoka miezi mitano kwenda kutunga sheria.

Aliyetujulisha kazi hii, bila wengi wetu kutambua, ni Barack Obama. Tunamkumbuka kama rais mwenye asili ya Kogelo, lakini kabla ya hapo alikuwa seneta wa jimbo la Illinois kuanzia 1997 hadi 2004, akiwakilisha sehemu ya kusini mwa Chicago. Aliingia kwa mlango mwembamba. Katika mchujo wa chama wa 1996, timu yake ilipinga saini za wadhamini wa washindani wake, akiwemo Alice Palmer aliyekuwa akishikilia kiti hicho, na Obama akabaki peke yake kwenye karatasi ya kura. Aliendelea kufundisha sheria Chuo Kikuu cha Chicago huku akiendesha gari kwenda Springfield kwenye vikao.

Miaka sita ya kwanza chama chake kilikuwa cha wachache katika seneti. Mwaka 2003 kilipopata wingi, miswada yake ilianza kupita, ukiwemo ule wa kuwalazimisha polisi kurekodi mahojiano ya watuhumiwa wa mauaji. Illinois pia ina kura ya ajabu kidogo, ya "nipo": hukubali, hukatai. Obama aliitumia zaidi ya mara 100, na wapinzani walimsuta nayo alipogombea urais 2008.

Wengine hupanda ngazi kama yeye, wengine huzeekea palepale. Majimbo 16 yameweka ukomo wa muda ambao mtu anaweza kuwa mbunge. Minnesota haina, na huko Phyllis Kahn alikaa tangu 1973 mpaka alipoangushwa kwenye mchujo wa 2016 na Ilhan Omar, aliyekimbia vita Somalia utotoni na kuishi miaka minne katika kambi ya wakimbizi nchini Kenya. Ilhan hakukaa sana. Muhula mmoja wa miaka miwili, na 2018 akachaguliwa kwenda Washington. Tangu hapo mtangazaji akimwita mbunge tu, msikilizaji wa Dodoma hapotei.