Je, wajua kwa nini uso hupanuka picha inapopunguzwa?

Kwenye vibanda vya kompyuta vya Birere, mjini Goma, lalamiko hili halishangazi mtu. Mama kapigwa picha kwa simu ya mwanawe, kaileta ipunguzwe iingie kwenye fomu, na inapotoka mashavu yamejaa kuliko aliyokuja nayo.

"Papa, huyu ni mie kweli?"

"Ni weye, mama. Ni mashini inafanyaka vile."

Mashini inasingiziwa. Imetenda kile ilichoagizwa, na hesabu yenyewe ni ya kugawanya tu.

Picha ya dijitali ni vidoti vya rangi, yaani pikseli, vilivyopangwa safu kwa safu kama vigae vya sakafuni. Simu nyingi hupiga kwa uwiano wa 3 kwa 4. Picha ya wima yenye pikseli 3000 za upana na 4000 za kimo ndiyo ile inayoitwa ya megapikseli 12. Fomu za viza ya Marekani, kwa mfano, zinataka picha ya mraba, kuanzia pikseli 600 kwa 600 hadi 1200 kwa 1200. Mtu akiandika 600 kwenye kisanduku cha upana na 600 kwenye cha kimo, ameiamuru kompyuta igawe upana kwa 5 na kimo kwa karibu 6.67. Vyote viwili vimepungua, ila kimo kimepunjwa zaidi. Uso unatoka mpana kwa theluthi moja kupita ulivyo, na kila duara linageuka yai.

Ndiyo maana programu nyingi za picha huweka alama ya kufuli au ya mnyororo kati ya visanduku hivyo viwili. Ikiwa imefungwa, ukiandika upana 600, kimo kinajiandika 800 chenyewe. Pande zote zimegawanywa kwa 5, na sura imebaki ya mwenyewe. Kama unavuta kwa mkono, shika pembe ya picha, usishike ubavu. Hapa wazoefu ndio wanaonaswa: kwenye Photoshop ya zamani ilibidi ubonyeze Shift unapovuta ili uwiano usivunjike, lakini toleo la CC 2019 liligeuza kanuni. Siku hizi uwiano unalindwa bila kubonyeza chochote, na Shift ndiyo inayouvunja. Kidole kilichozoea kwa miaka kumi hakisikii tangazo hilo.

Lakini 600 kwa 800 si mraba, na fomu bado inadai mraba. Kufuli halitatui hilo. Umbo la picha likiwa tofauti na umbo la nafasi inakoingia, kuna kitu lazima kilipwe: ama ukate sehemu ya picha, ama uache pembezo tupu pande mbili, ama upotoe sura. Anayedhani hajachagua ameshachaguliwa, na mara nyingi amechaguliwa hilo la tatu, ambalo ndilo baya kuliko yote.

Kwa picha ya fomu, jibu ni kukata. Kutoka kwenye 3000 kwa 4000 unachukua mraba wa 3000 kwa 3000, unaacha nje kifua na ukuta wa juu, kisha ndipo unapunguza hadi 600 kwa 600. Kata kwanza, punguza baadaye. Angalia pia kichwa kimekaaje: kanuni za viza hiyo zinataka kichwa, toka kidevuni hadi utosini, kichukue kati ya asilimia 50 na 69 ya kimo cha picha. Kwa hiyo mpiga picha asiyesogea karibu mno anakuachia nafasi ya kukata.

Picha za harusi ni ngumu zaidi. Karatasi ya sentimita 10 kwa 15 ina uwiano wa 2 kwa 3, uliorithiwa kutoka fremu ya filamu ya milimita 24 kwa 36 iliyoenezwa na kamera ya Leica, ambayo ilianza kuuzwa 1925. Picha ya simu iliyolala, 4000 kwa 3000, haiwezi kuijaza karatasi hiyo bila kupoteza safu 333 za pikseli, yaani sehemu moja ya tisa ya kimo chake. Ziondoke juu au chini? Juu kuna mashangazi waliosimama nyuma, chini kuna viatu vya bibi harusi. Fundi mvivu anaivuta picha kwa upana hadi ienee. Inavutika kwa asilimia 12.5 tu, hakuna yai la wazi, na mteja anarudi nyumbani akijiuliza mbona amenenepa. Binafsi ningeacha ukingo mweupe kuliko kumvuta bibi harusi.

Televisheni za baa zina ugonjwa huohuo. Matangazo ya zamani ya 4 kwa 3 yakitandazwa kwenye skrini ya 16 kwa 9, wachezaji wanapanuka kwa theluthi moja, sawasawa na yule mama wa Birere. Wengi wanaona heri hivyo kuliko mistari myeusi pembeni, eti wamelipia skrini nzima.

WhatsApp, kwa upande wake, hulaumiwa bure. Inapunguza pikseli na ukali wa picha, lakini uwiano haiugusi. Na pua iliyofura kwenye selfi si kosa la kupunguza: hiyo ni kamera iliyokaribia uso mno, na kufuli halitaitibu.

Ipo njia nyingine ya kijanja. Mwaka 2007 Shai Avidan na Ariel Shamir walionyesha jinsi kompyuta inavyoweza kutafuta nyuzi za pikseli zisizo na maana, kama anga au ukuta mtupu, na kuzitoa moja moja hadi picha ipungue upande mmoja bila kugusa watu. Inapendeza penye nafasi tupu. Penye umati inakula mikono.

Je, picha iliyokwisha kupotolewa inarudi? Umbo linarudi, ukijua limevutwa kiasi gani. Tafuta duara. Uso unaweza kukudanganya, na mlima Nyiragongo ukiufinya hakuna wa kulalamika, lakini gurudumu la chukudu, kile chombo cha mbao cha kubebea mizigo cha Goma, lililopigwa kwa ubavu halina siri. Lipime. Likiwa na pikseli 240 za upana na 180 za kimo, gawa 180 kwa 240 upate 0.75, kisha zidisha upana wa picha nzima kwa namba hiyo. Picha ya 600 kwa 600 inakuwa 450 kwa 600, na gurudumu linaviringika tena. Vidoti vilivyotupwa wakati wa kufinya kimo havirudi, kwa hiyo usitegemee ukali wa awali. Kama picha ya asili bado iko kwenye simu, achana na hesabu hizi, anza nayo upya.