Ndege Anayedonoa Dirisha Lako Hajatumwa na Mtu

Nimeulizwa tena kwa nini ndege anadonoa kioo cha dirisha, safari hii na mwenye nyumba mpya huku Kigoma mjini, naye tayari alikuwa ameshaenda kwa mganga. Basi nalieleza hapa.

Yule ndege mdogo mweusi na mweupe anayetikisa mkia, anayedonoa kioo cha sebuleni tangu alfajiri, haleti habari ya msiba. Hana njaa, wala hatafuti pa kuingilia. Anapigana.

Jina lake la kisayansi ni Motacilla aguimp, mkaazi wa kawaida wa ufukwe wa Ziwa Tanganyika, na anapenda nyua zetu kwa sababu zina wadudu na maji. Dume na jike hushika eneo na hawataki wa aina yao alikanyage. Akitua kwenye kizingiti cha dirisha, mbele yake anamwona ndege kama yeye anayemkazia macho. Akitanua mbawa, yule naye anatanua. Akidonoa, anadonolewa papo hapo. Mpinzani wa kweli angekimbia au angemshinda. Huyu hakimbii wala hashindi, ndiyo maana ugomvi hauishi.

Kujitambua kwenye kioo ni jambo gumu. Mwaka 1970 mwanasaikolojia Gordon Gallup wa Marekani alionyesha kwamba sokwe, jamii moja na hawa wetu wa Gombe, wanaliweza. Ndege wengi waliopimwa wamemwona mgeni tu.

Sasa lile linaloniudhi: "Mbona kwa jirani hadonoi? Mbona kwangu tu, tena nyumba mpya?" Tazama madirisha ya jirani, ndugu yangu! Yeye ana mbao na wavu. Wewe umeweka aluminiamu na vioo vya rangi vinavyong'aa. Mchana nje kuna mwanga na ndani kuna giza, kwa hiyo upande wa nje unageuka kioo cha kujitazamia. Saa tatu asubuhi toka nje, chuchumaa mpaka macho yawe usawa wa kizingiti. Utaona uso wako, mwembe na anga, na kwenye kioo utaona michirizi ya mdomo wake, chini yake kinyesi cheupe. Kwa jambo hilo watu wamevunja ujirani wakisema ni kijicho, na watoto wamepewa manati wamuue ndege. Akifa, eneo zuri halikai wazi. Anakuja mwingine, naye anaanza kudonoa.

Na tafadhali, acheni kufunga pazia zito kwa ndani. Linazidisha giza nyuma ya kioo na taswira inakolea. Dawa iko upande wa nje: shuka kuukuu, magazeti, kipande cha chandarua, hata sabuni iliyopakwa ikaachwa ikauke. Asipomwona mpinzani, ugomvi unakwisha.

Anayejigonga kwa kasi akaanguka ni suala jingine kabisa. Huyo hakuona mpinzani, aliona anga na miti kwenye kioo akadhani ni njia. Anayedonoa kwa kawaida haumii sana. Anayejigonga mara nyingi hufa kwa kuvuja damu kichwani. Kibandiko kimoja hakimsaidii. Weka alama upande wa nje, kioo kizima, zikiachana kama sentimita 5.

Vitabu humaliza habari kwa kusema ni homoni za msimu wa kuzaliana. Jibu hilo haliniridhishi. Nimewaona wakidonoa kiangazi kimekaza, hakuna kiota wala makinda. Nimemwona mmoja akipigana na kioo huku mwenzake akiokota wadudu pale pale bila kugeuza shingo, na eneo ni la wote wawili. Homoni zina sehemu yake, lakini naamini kuna tabia ya ndege mmoja mmoja ambayo tunaipuuza kwa sababu haipimiki kirahisi.

Kwa wenye magari, vioo vya pembeni vivalisheni soksi mkishaegesha.