Heri iliyochomekwa: kwa nini Gilead haitaki mwanamke asome

Nafundisha fasihi hapa Tanga. Tukifika kwenye riwaya za distopia, yaani zinazobuni dola dhalimu, wanafunzi wengi hunijibu kwamba wanawake hunyimwa elimu ili wabaki wajinga. Jibu hilo halinitoshi. Mjinga naye ana macho na akili zake. Kinachotafutwa ni asiweze kuhakiki anachoambiwa.

Chukua The Handmaid's Tale ya Margaret Atwood, Mkanada, iliyotoka mwaka 1985. Watawala wa Gilead, dola ya kidini inayobuniwa katika riwaya hiyo, hawakuanza na vitabu, walianza na pesa: wanawake walifungiwa akaunti, wakaachishwa kazi, na fedha zao zikahamia kwa mume au ndugu wa kiume. Kusoma kulifuata. Mabango ya maduka yalipakwa rangi maneno yasionekane, ikabaki michoro. Duka la Maziwa na Asali linatambulika kwa mayai matatu, nyuki na ng'ombe. Ukinaswa unasoma mara ya tatu, unakatwa mkono. Hata mke wa Kamanda, kigogo wa dola hiyo, haruhusiwi, sembuse kijakazi anayewekwa nyumbani humo amzalie Kamanda mtoto! Biblia ya nyumbani hukaa chini ya kufuli, na anayeisoma ni Kamanda peke yake.

Utamu wa kitabu kwangu uko kwenye kituo wanakofundwa vijakazi hao. Wakati wa chakula huwekewa zile heri za Yesu zilizorekodiwa kwa sauti ya mwanamume, na katikati pamechomekwa heri ya wanyamavu. Offred, msimulizi, aliyewahi kufanya kazi maktaba, anatambua papo hapo kwamba hiyo haimo katika Biblia. Sasa aihakiki wapi?

Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa hapa Tanga, aliigusa hofu hiyo katika Kusadikika, 1951. Karama, mshtakiwa katika kisa hicho, hakuiba wala hakushika silaha. Kosa lake ni kufundisha watu sheria. Waziri Majivuno, anayemshtaki, ana kila sababu ya kuhaha, kwani raia akiijua sheria ataidai. (Kesi yenyewe ni ya wanaume watupu, lakini hilo tuliachie siku nyingine.)

Wala si mambo ya vitabuni tu. Afghanistan imewafungia wasichana sekondari tangu 2021 na vyuo vikuu tangu Desemba 2022. Na mjane wa mtaani kwetu anayeweka dole gumba kwenye karatasi ya mirathi aliyosomewa na shemeji yake, huyo shemeji ndiye Kamanda wake.

Katika The Testaments, 2019, mwendelezo wa riwaya ile, Atwood anarudi kwenye jambo hili kupitia Agnes, aliyekulia Gilead bila kujua hata irabu. Shuleni walisimuliwa habari za suria aliyekatwa vipande kumi na viwili, wakaambiwa alijitoa mwenyewe kumwokoa bwana wake. Ukubwani anajiunga na Mashangazi, wanawake pekee wanaoruhusiwa kusoma, maana dola haiwezi kuwafunda wanawake bila wanawake. Huko anajifunza herufi, kisha anakisoma kisa chenyewe, Waamuzi sura ya 19. Suria hakujitoa. Bwana wake alimshika, akamtoa nje kwa wahuni.