Je, wajua kwa nini Jin Sakai alimwasi mjomba aliyemlea?

Jin Sakai ni samurai wa kubuni katika gemu la Ghost of Tsushima, lililotengenezwa na Sucker Punch ya Marekani na kutoka mwaka 2020. Vita vyake, hata hivyo, vilipiganwa kweli. Mwishoni mwa 1274 Wamongolia walishuka Tsushima, kisiwa cha Japani, na Sō Sukekuni, aliyekuwa akikisimamia kisiwa, akafia ufukweni Komoda pamoja na wapanda farasi wake wapatao 80.

Ndani ya gemu, Jin ananusurika, na mjomba wake, Bwana Shimura, anatekwa. Utotoni Jin alijificha kwa woga baba yake akiuawa, na aibu hiyo haikumtoka. Mjomba ndiye aliyemchukua, akamfunza upanga, akamwambia samurai humkabili adui uso kwa uso. Shimura hana mtoto. Anataka kumrithisha mpwa wake kila kitu.

Lakini aliyemwokoa Jin pale Komoda ni mwizi, mwanamke aitwaye Yuna. Kwake anajifunza kunyemelea na kuchoma kisu mgongoni. Baadaye Shimura anakuwa huru tena, na baada ya wapiganaji wengi kuteketea darajani wakijaribu kuikomboa ngome, anaamua kuwapeleka waliobaki kwa njia ileile. Jin anakwenda usiku peke yake na kuwawekea Wamongolia sumu katika kinywaji. Mjomba, akitaka kumnusuru, anamwomba amtupie Yuna lawama. Jin anakataa. Kwangu mimi uasi unaanzia hapo, kwenye lile jibu, kuliko kwenye sumu yenyewe: amekataa kumtoa kafara mtu wa chini ili jina lake libaki safi.

Je, samurai wa 1274 walifuata miiko ya Shimura? Kwa sehemu kubwa, hapana. Mengi tunayoyaita bushido, yaani maadili ya samurai, yaliandikwa baada ya 1600, wakati wa amani. Zama hizo, Japani ilipotawaliwa kutoka mji wa Kamakura, utii ulikuwa na malipo: unampigania bwana, naye anakupa ardhi. Mtazame samurai wa kweli, Takezaki Suenaga, aliyepigana na Wamongolia haohao katika kisiwa cha Kyushu. Aliwavamia akiwa na wenzake wanne tu, ili ahesabiwe wa kwanza. Tuzo haikuja. Mwaka 1275 akauza farasi na matandiko apate nauli, akaenda Kamakura kudai haki yake, na akapewa ardhi. Kisha akaagiza vita vyake vichorwe, na michoro hiyo ipo hadi leo.

Shimura hadai ardhi wala tuzo, na hilo ndilo linalomfanya aumize moyo. Shoguni, mtawala wa kijeshi wa Japani, anapomwamuru amuue Jin, wanatunga shairi pamoja kwanza, wakiwa wamekaa kimya kama baba na mwana. Wanapigana, mjomba anashindwa, naye anaomba afe kishujaa kwa mkono wa mpwa wake. Gemu linakuachia wewe uamue. Mimi nilimwacha hai.